Tahajia kwanza, kompyuta baadaye

Na Malimi Shija

Wapo wanaosema Kisukuma hakiandikiki vizuri kwenye simu kwa sababu mashine zilitengenezwa kwa ajili ya lugha za wengine. Lawama hiyo imekosea mlango. Tazama Ethiopia, ambako watu huandika kwa silabi: kila konsonanti ina maumbo saba ya msingi, kwa kufuata irabu. Mwaka 1999, toleo la 3.0 la Yunikodi, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake, liliyapokea maandishi hayo, na kila umbo likapewa namba. Toleo hilohilo liliingiza silabi za Wacherokee wa Marekani. Lugha nyingine za Ethiopia zilipohitaji maumbo ya ziada, yaliongezwa mwaka 2005. Maandishi yanayodai mamia ya maumbo yamepata nafasi, sembuse lugha inayohitaji herufi mbili tu.

Kisukuma kina irabu saba, nasi mara nyingi tunakiandika kwa tano za Kiswahili. Hizo mbili zilizobaki hazikosi herufi: wanaisimu wana ɪ na ʊ, Wakikuyu wana ĩ na ũ, na zote zimo katika Yunikodi. Tunachokosa ni makubaliano. Hapa kwetu Nkololo, Usukumani, mmoja akichagua ɪ, mwingine ĩ na wa tatu i tupu, kwa kompyuta neno moja limekuwa matatu, na atakayelitafuta atapata theluthi yake. Hata aliyechagua ĩ anaweza kuihifadhi kama herufi moja au kama i iliyofuatwa na alama ya juu. Kwenye skrini huoni tofauti, lakini namba zake si zilezile. Ritifaa katika majina yanayoanza na Ng' ina mtego huohuo, kwani iliyonyooka na iliyopinda zina namba tofauti, na programu isiyofundishwa kuzilinganisha itasema jina halimo kwenye orodha.

Kuna hoja kwamba herufi hizo zitaongeza gharama, na ni ya kweli. Meseji ya kawaida hubeba herufi 160, lakini ukiweka ĩ au ɪ hata moja, meseji nzima hubadilishiwa mfumo na kubaki na nafasi 70. Hata hivyo, ukomo huo ni wa SMS. Hauhusu kitabu wala kamusi, na si busara tahajia ya lugha nzima ipimwe kwa bei ya meseji. Wengine watasema irabu tano zinatosha, kwa kuwa msomaji hujua neno lililokusudiwa kwa kufuata maana ya sentensi. Mzee aliyekulia lugha atajua. Mtoto anayejifunza kwa kusoma hatajua, na kompyuta inayotakiwa kusoma kwa sauti hatuwezi kuitegemea ikisie. Wapo pia wanaohofia umoja wa taifa, lakini kuandika Kisukuma sawasawa hakukiondoi Kiswahili shuleni wala ofisini.

Kwa hiyo kazi ianzie kwetu. Wanaisimu wa vyuo vyetu, walimu, viongozi wa dini wanaochapisha kwa Kisukuma na wazee wenye lugha wakae pamoja, wachague herufi mbili na ritifaa moja, kisha wachape mwongozo mfupi. Mtengenezaji wa kibodi akipewa mwongozo huo atajua la kufanya. Bila huo, hata mwenye nia njema atalazimika kukisia, na kila mmoja atakisia lake.