Mzigo Begani mwa Mpiga Gitaa

Ndugu msomaji, siku utakapokwenda dansini usiwatazame waimbaji peke yao. Litazame bega la kushoto la mpiga solo, na hasa lile la mpiga besi. Juu yake umepita mkanda, na katika mkanda huo limening'inia gitaa la umeme ambalo aghalabu huwa na uzito wa kilo tatu na nusu, nne, au hata zaidi. Atasimama nalo usiku kucha, shingo imeinama kidogo upande mmoja, huku sisi tukimtuza kwa ustadi wa vidole vyake. Vidole tunavijua. Bega hatuliulizi habari zake.

Gitaa kavu halina matata haya, kwani ndani yake ni uwazi mtupu, na uwazi huo ndio unaokuza sauti. Lakini mafundi walipoanza kulitia umeme walipambana na kero moja. Sauti itokayo kwenye spika huurudia ule uwazi, ikautikisa ubao wa juu. Ubao ukazitikisa nyuzi. Kinasa sauti kikaipokea tena na kuirudisha kwenye spika, hata ukumbi mzima ukapigiwa mluzi wa kuziba masikio.

Dawa ilipatikana Marekani, nayo ilikuwa gogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mpiga gitaa Les Paul alitwaa boriti la msonobari, akalifunga nyuzi na vinasa sauti, kisha akalibandika mabawa ubavuni ili watu wakubali kwamba ni gitaa. Mwaka 1950 Leo Fender wa California alianza kuuza gitaa la ubao mzima, lile lililokuja kujulikana kwa jina la Telecaster. Mwaka 1952 kampuni ya Gibson ikatoa la kwake kwa jina la huyo huyo Les Paul, mwili wake ukiwa ni mahogani nene iliyofunikwa kwa bamba la mbao nyingine ngumu. Mluzi ukapungua sana. Mzigo ukahamia begani.

Kwa muda Fender walijiokoa kwa kuchagua mbao. Mti wa eshi uliokua kinamasini, mizizi yake ikiwa majini, hutoa mbao nyepesi. Ndugu yake wa nchi kavu hutoa mbao nzito. Mbao nyepesi zilipoanza kuadimika katika miaka ya 1960, ikabidi patasi ifanye kazi ambayo kinamasi hakikuifanya. Mwaka 1967 yalitoka magitaa machache yaliyochimbwa mashimo chini ya bamba la plastiki la mbele, na wapenzi wa magitaa wakayabatiza jina la magitaa ya magendo, kwa kuwa mashimo yale yangefaa sana kuficha vitu vya kupitisha forodhani. Mwaka uliofuata fundi Mjerumani Roger Rossmeisl, aliyekuwa akifanya kazi huko Fender, alifanya jambo hilo kwa uwazi zaidi. Alilichimba Telecaster kwa nyuma, akaziba kwa ubao mwembamba, na mbele akaacha tundu lenye umbo la herufi f, ili kila mwenye macho aone kwamba ndani mna nafasi. (Adha ya mbao haijesha: mwaka 2020 Fender walitangaza kupunguza mno matumizi ya eshi, kwa sababu ya mafuriko ya mto Mississippi na mdudu kutoka Asia anayeiangamiza miti hiyo.)

Gibson walishika njia nyingine. Magitaa yao ya miaka ya 1970 yalikuwa yamezidi kuwa mazito, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 walianza kutoboa matundu tisa katika mahogani kabla ya kuibandika bamba la juu. Gundi ikishakauka, hakuna jicho liwezalo kuyaona. Wanunuzi wengi walikaa miaka wakidhani wamebeba ubao usio na tundu. Hapa nina neno. Kulipunguza gitaa uzito ni kumhurumia mtu anayelibeba, na sioni lawama ndani yake. Lakini anayetoa fedha zake apaswa kuambiwa amenunua nini, hata kama kilichoondolewa kilikuwa kikimwumiza.

Je, sauti huharibika? Watu wanagombana juu ya hili hadi leo. Lililo wazi ni kwamba kinasa sauti ni sumaku iliyozungushiwa waya, nacho husikiliza mtikisiko wa nyuzi za chuma juu yake. Mashimo madogo mbali na nyuzi, kwa maoni yangu, hayatamfanya mchezaji aache kucheza. Uwazi mkubwa waweza kuurudisha ule mluzi, na ndiyo sababu Gibson, walipotoa mwaka 1958 gitaa lao la ES-335 lenye mabawa matupu, waliacha gogo zima katikati.

Najua wako maseremala miongoni mwenu ambao mikono imeanza kuwawasha. Pigeni hesabu kwanza. Mwili wa gitaa la aina hii una ujazo wa kama sentimita 4,000 za ujazo, na mahogani ya kawaida huwa na uzito wa gramu 0.6 hivi kwa kila moja. Shimo lenye eneo la sentimita 100 za mraba na kina cha sentimita tatu litakuondolea gramu 180 tu. Ukitaka kilo nzima, itakubidi utoe zaidi ya theluthi moja ya ubao wote. Usiguse katikati penye daraja la nyuzi, wala pale shingo inapoungana na mwili, wala penye vifungo vya mkanda, maana hapo ndipo mvuto wa nyuzi na uzito wote unapokaa. Ubao wa juu usipungue milimita sita. Funika pua na mdomo, kwani vumbi la mbao si rafiki wa mapafu. Na gitaa la zamani lenye thamani lisiguswe kabisa. Mwenyewe anunue mkanda mpana wa ngozi, utakaotandaza mzigo juu ya bega badala ya kulikata.

Liko jaribio moja la kufanya kabla keekee haijashikwa. Mwenye gitaa alivae, asimame wima, aachie mikono yote miwili. Shingo ikibaki mahali pake, mna nafasi ya kuchimba kidogo. Lakini ikianza kuteremka hata sasa, wakati mwili ungali mzito, basi kila gramu mtakayoitoa itaiteremsha zaidi, naye atalazimika kuishikilia kwa mkono wa kushoto usiku kucha, mkono ule ule anaoutafutia noti.