Tundu Lililoleta Kununiana

Mwezi uliopita mke wangu alininunia siku 2, kisa laptop! Aliniomba niichaji usiku, asubuhi ana prezentesheni kwa bosi wake. Nikachomeka chaja ya USB-C, huyoo nikalala. Kumekucha, imezima! Kumbe matundu yale ya USB-C yanafanana, ila siyo yote yanayopokea umeme. Ukiona alama ya plagi pembeni, hapo ndipo. Usilale kabla laptop haijaonyesha inachaji. La HDMI linapeleka picha kwenye skrini, la mstatili ni USB ya kawaida kwa flashi na mausi, la duara la milimita 3.5 ni la hedifoni. Jamani, usijifanye mjuaji kama mimi. Muulize mwenyewe laptop yake!