Chema hakijiuzi bila jina kulindwa

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya mazao, huo ni nusu tu ya ukweli. Mfano ni vermouth nyeupe ya Chambéry, mji wa Savoie katika milima ya Alps, Ufaransa.

Vermouth ni mvinyo ulioongezwa spiriti kidogo na kutiwa mimea yenye harufu, ikiwemo artemisia chungu, ndugu wa artemisia inayolimwa Afrika Mashariki kwa dawa ya malaria. Jina lenyewe limetokana na neno la Kijerumani la mmea huo. Malighafi yake si ya ajabu: mvinyo mweupe wa kawaida, pamoja na majani, maua na mizizi. Sifa ya Chambéry ni wepesi. Wakati vermouth ya Turin, ng'ambo ya milima, ilijulikana kwa uzito na rangi nyekundu, ya Chambéry ni angavu, yenye harufu ya mimea ya milimani na uchungu mdogo.

Joseph Chavasse alianza kuitengeneza mwaka 1821, Savoie ikiwa bado chini ya ufalme wa Sardinia. Ilijiunga na Ufaransa mwaka 1860. Biashara ikapita kwa binti yake Marie, aliyeolewa na Dolin, jina lililopo kwenye chupa mpaka leo. Mwaka 1876 kinywaji hicho kilipata medali kwenye maonyesho ya Philadelphia, Marekani. Chema hicho, basi, kilitembezwa.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1932, jina la Chambéry lilipopata ulinzi wa kisheria. Mtengenezaji wa mahali pengine hakuruhusiwa tena kulitumia.

Ni kweli kwamba sheria haileti wateja. Walaji walibadili ladha na viwanda kadhaa vya mji huo vikatoweka. Lakini wahudumu wa baa za Marekani walipoanza kuitafuta upya vermouth nzuri katika miaka ya 2000, jina lilikuwa bado na mwenyewe, na faida ikarudi Savoie.

Somo kwa vyama vya wakulima ni hili. Sifa ya eneo ni mali kama shamba. Isipowekewa mipaka, atakayevuna ni mchuuzi anayechanganya mazao hafifu na kuyabandika jina la wengine. Wanachama wakubaliane kwanza viwango, wamwadhibu anayevikiuka, kisha wasajili jina. Kusubiri mpaka soko lichangamke ni kuchelewa.