Amri ya Ghala Isitangulie Daftari

Mnunuzi wa maharage wa Nyamiaga, wilayani Ngara, akishahamishia daftari kwenye kompyuta hutaka kazi zijiendeshe: mauzo yakiandikwa, ghala lipate amri ya kupakia. Mafundi wengi hutumia triga, yaani maagizo yaliyofichwa ndani ya hifadhidata, yanayoamka kila mstari mpya unapoingia.

Hapo ndipo mali inapopotea. Triga huamka kabla muamala haujathibitishwa. Tuseme magunia 40 yameandikwa, kisha malipo yakakataliwa. Hifadhidata itafuta mauzo, lakini kama amri imekwisha kutoka, lori litashika njia ya Rusumo na mzigo ambao kwenye vitabu haujauzwa.

Oracle ni mfano mzuri. Chombo chake cha zamani, DBMS_JOB, huiweka kazi kando mpaka muamala uthibitishwe. Ukifutwa, kazi nayo hufutika. DBMS_SCHEDULER, kilichokuja na toleo la 10g, huthibitisha papo hapo, jambo ambalo triga hairuhusiwi, hivyo hukwama kwa kosa ORA-04092. Fundi mjanja hulikwepa kwa kufungua muamala wa pembeni unaojitegemea. Kosa linatoweka kwenye kioo, na hatari ya lori inarudi palepale.

Kwa maoni yetu, triga iandike tu mstari kwenye jedwali la foleni, ndani ya muamala uleule. Programu nyingine ilisome baadaye na kutuma amri yenye namba, mzigo usipakiwe mara mbili. Ghala litachelewa dakika moja hivi. Kabla ya kumlipa fundi, mwulize: mauzo yakifutwa katikati, amri ya ghala inakwenda wapi?