Kidole si Ushahidi

Siku hizi, ikifika sikukuu, vijana wengi hawatosheki tena na ngoma na chakula. Wanataka mchezo wa kuwakalisha watu hamsini au sitini pamoja jioni nzima. Na mchezo mmoja umependwa katika nchi nyingi: mchezo wa kumtafuta mwuaji. Mtu mmoja anajifanya amekufa. Mwingine amepewa kwa siri kazi ya kuwa mwuaji. Waliobaki wanaulizana, wanatazamana usoni, na mwisho wanapaza sauti: Ni fulani!

Wako wazee wanaosema mchezo huu wote ni mbaya, kwa sababu kifo si kitu cha kuchezea. Na wako vijana wanaowajibu kwamba mchezo ni mchezo tu, hauna neno. Sisi hatukubaliani na wazee, wala hatukubaliani na vijana. Twasema hivi: iko namna ya kumtafuta mwuaji inayofundisha haki, na iko namna nyingine inayowazoeza watu kuua kwa mdomo. Jina ni moja, matunda ni mbalimbali. Anayewaalika watu hana budi kujua anawaalikia ipi.

Tuanze na ile mbaya. Mwaka 1986 Mrusi mmoja, Dimitry Davidoff, alitunga mchezo uitwao Mafia. Mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin aliwageuza wauaji wa mchezo huo kuwa watu wanaojigeuza mbwa-mwitu, na kwa Kifaransa wachezaji wanawaita loups-garous. Wote wanafumba macho: ni usiku. Wauaji wachache wanafumbua macho na kumchagua wa kufa. Kisha kunakucha, wote wanabishana, wanapiga kura, na yule aliyepata kura nyingi anatolewa kana kwamba amenyongwa.

Sasa tazameni vizuri. Mara nyingi katika mchezo huo hakuna nyayo, hakuna kisu, hakuna mtu aliyeona. Kuna uso tu. Mbona unacheka? Mbona umenyamaza? Anayenyamaza anashukiwa kwa kunyamaza, na anayejitetea anashukiwa kwa kujitetea. Wauaji wenyewe wanaweza kupiga kelele kuliko wote. Wengi wakiisha kunyosha vidole, basi, mtu amekwisha. Mara nyingi huyo hana kosa lolote. Watu wanacheka, wanafumba macho tena.

Wanaoupenda watatuambia: Lakini mchezo huu waonyesha jinsi umati unavyokosea! Ndiyo, ungeonyesha, kama watu wangesimama na kujiuliza: Kwa nini tumemnyonga asiye na kosa? Lakini hawasimami. Wanatafuta mwingine.

Pengine katika miji ya mbali kicheko hicho hakina madhara. Kwetu kina madhara. Mwaka 2021, katika jimbo jirani la Kivu ya Kusini, wanawake wanane walioitwa wachawi waliuawa na umati katika mwezi mmoja wa Septemba, wengine kwa kuchomwa moto. Nani aliwaona wakiua? Ushahidi wao ulikuwa nini? Mtoto ameugua, mtu ameota ndoto, mhubiri amesema, mama huyu macho yake ni mekundu. Kisha vidole. Na methali yetu inatumiwa vibaya kama shoka: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hapana! Mengi yanasemwa ambayo hayapo wala hayatakuja. Nyingine inasema wengi wape. Wape basi mahali pa kukaa na chakula, lakini usiwape damu ya mtu kwa sababu tu ni wengi.

Wala tusidhani kwamba kosa hili ni la watu wasiosoma. Mwaka 1893, baada ya majeshi ya Dhanis kuteka Nyangwe mwezi wa Machi na Kasongo mwezi wa Aprili, maofisa wa Ulaya walimshitaki Ngongo Lutete, mkubwa wa Ngandu, kwamba ni msaliti. Ndiye aliyewasaidia sana katika vita ile. Baraza la haraka likaketi, maneno ya maadui zake yakapokelewa, naye akapigwa risasi mwezi wa Septemba. Dhanis alikuwa amemtuma mtu kuzuia jambo lile. Mjumbe akafika, mtu amekwisha kufa. Mwaka 1895 askari wa Luluabourg waliasi, na kifo cha Ngongo Lutete kilitajwa kati ya sababu za hasira yao. Maofisa wale walijua kusoma na kuandika. Hawakujua kungoja.

Na sisi wa Nyangwe tunayo sababu yetu wenyewe ya kulitafakari jambo hili. Tarehe 15 Julai 1871 palikuwa na soko hapa kando ya Lualaba, na watu wapata 1,500, wengi wao wanawake. Mskoti David Livingstone, aliyekuwa akingoja mitumbwi ya kuvukia, aliwaona watu wenye bunduki wameingia sokoni. Mara bunduki zikalia. Wanawake wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikabanana, wengi wakazama mtoni. Wafanyabiashara wa Kiarabu wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Habari ile ilipofika Uingereza mwaka 1872 iliwashitua watu, ikaongeza nguvu ya wale waliotaka soko la watumwa la Unguja lifungwe. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga.

Tukiuliza, Nani aliwaua watu wa soko? kila mtu anajibu upesi: Watu wa Dugumbe, tajiri wa pembe na watumwa, Livingstone ameandika. Ni kweli, ameandika. Lakini aliandika mara zaidi ya moja. Mara ya kwanza karatasi zilikuwa zimemwishia, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mmea wa huku, na maandishi yakafifia hata yakawa hayasomeki vizuri. Kitabu kilichochapishwa mwaka 1874, baada ya kifo chake, kilitoka katika maandishi aliyoyanakili na kuyapanga baadaye. Ndipo, miaka 140 baada ya mauaji, wataalamu wakazipiga picha kurasa zile za gazeti kwa mianga ya rangi mbalimbali, maneno yakaonekana tena, na mwaka 2011 yakatolewa hadharani. Wakaona kwamba maandishi ya kwanza na yale ya baadaye hayalingani pote, hasa juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe, hata ikazuka shaka kama baadhi yao hawakuwa na mkono katika ugomvi wa siku zile.

Tunasema haya si kwa kuwasafisha wenye bunduki, wala si kwa kumtukana Livingstone. Tunasema kwa sababu moja: hata shahidi mashuhuri huulizwa mara ya pili. Ikiwa maneno ya mtu aliyeona kwa macho yake yapimwa hivyo, je, maneno ya jirani aliyeota ndoto?

Basi hiyo ndiyo namna nzuri ya mchezo: mchezo wa kupima. Wakristo wanayo hadithi ya kale ya namna hiyo, katika kitabu cha Danieli, sura ya 13. Wazee wawili wamemshitaki Suzana kwa uongo. Umati umewaamini kwa kuwa ni wazee na waamuzi. Mama anapelekwa kuuawa. Kijana Danieli anafanya nini? Hapigi kura. Anawatenga wazee wale, anamwuliza kila mmoja peke yake: Uliwaona chini ya mti gani? Kila mmoja anautaja mti wake. Swali moja dogo, na mtu asiye na kosa amepona.

Na Padre Ronald Knox, Mwingereza aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1917, alitunga mwenyewe hadithi za kuwatafuta wauaji. Mwaka 1929 alitoa kanuni kumi za hadithi hizo. Moja yasema mambo ya kimiujiza na ya mizimu yasiwe jibu la fumbo. Nyingine yasema mpelelezi asifiche dalili alizozipata, bali msomaji azione pia. Wazee wanaoogopa mchezo huu, sikilizeni: padre ndiye aliyeufungia uchawi mlango!

Kwa hiyo, ninyi mnaotaka kuwaalika watu wengi, fanyeni hivi. Tuseme watu ni 60. Wawekeni katika mabaraza sita ya watu kumi kumi, maana watu 60 wakisema pamoja, watasikika wenye sauti kubwa tu. Chagueni wanane wa kuigiza: mmoja maiti, saba wa kushukiwa. Wapeni majina ya kubuni, na kazi: mvuvi, mwenye duka, karani wa kivuko. Msiwape kabila. Msimweke kati yao mwanamke mzee, mjane wala mgeni kwa sababu tu watu wamezoea kumshuku. Wala msichukue wafu wa soko la Nyangwe kuwa hadithi yenu. Hao wana haki ya heshima, si ya kuchezewa.

Tayarisheni dalili kumi au kumi na mbili, zisomwe mbele ya wote. Ziwe vitu vya kushikika: taa iliyojaa mafuta, ingawa mtu asema aliiwasha usiku kucha, kasia kavu la mtu asemaye ametoka kuvuka mto sasa hivi. Dalili moja angalau iwe ya kumtoa mtu katika shaka, maana ushahidi si wa kufunga tu, ni wa kufungua pia. Kila baraza lipate zamu ya kumwuliza kila mwigizaji. Wengine wanaweza kunyamaza, lakini aongopaye awe mwuaji peke yake.

Mwisho, kila baraza liandike: nani, kwa njia gani, kwa sababu gani, na kwa dalili zipi. Baraza lililomtaja mwuaji bila dalili lisipate zawadi hata kidogo, kwa sababu limebahatisha tu. Na yule aliyeshukiwa bure na mabaraza mengi asimamishwe mbele ya wote, waliomshuku wamwombe radhi. Watu watacheka, na ni vizuri wacheke. Lakini watarudi nyumbani wamesikia masikioni mwao jinsi neno la radhi linavyosemwa.

Mtatuambia kazi hii ni nyingi, na kupiga kura ni rahisi. Ni kweli. Kupiga kura huchukua muda mfupi, na kutayarisha dalili huchukua siku mbili tatu. Hata umati unaomzunguka mama mzee kijijini haukawii. Anayesema, Ngojeni, tuulize kwanza, ndiye mwenye kazi nyingi. Twataka watu kama huyo wawe wengi katika parokia zetu, na mtu hawi hivyo kwa siku moja. Hujizoeza. Ajizoeze basi akiwa ameketi na wenzake katika sikukuu, maiti akiwa anacheka chini ya shuka, kabla haijafika siku ambayo maiti hacheki na umati unatafuta wa kumlaumu.

Vijana, chezeni. Wazee, waacheni wacheze, nanyi mkakae katika mabaraza yao mwulize maswali. Lakini mtu akinyosha kidole asiwe na dalili, mwambieni akishushe.