Poda ya Mtoto na Haki ya Kujua



Ni vitu vichache vinavyoaminiwa nyumbani kuliko poda ya mtoto. Hapa Butembo na Beni, mtoto mchanga akishaogeshwa na kukaushwa hupakwa poda shingoni, kwapani na mapajani, na harufu yake tumeizoea kuwa harufu ya usafi na ya upendo wa mama. Dada zetu huitumia baada ya kuoga, na kinyozi humpaka mteja shingoni kabla ya kumwachilia. Kwa kuwa kila mtu anaiamini, hakuna anayeiuliza neno. Leo tunaomba tuiulize.

Msimamo wetu tunautamka mapema ili asiwepo wa kutuelewa vibaya. Mama wa Oicha na mama wa Lubero wana haki ileile ya kuelezwa kilichomo katika kichupa wanachonunua aliyo nayo mama wa Marekani. Anayejua na kuwanyima maelezo hayo, awe mbali ng'ambo au awe jirani yetu sokoni, anawadhulumu.

Kwanza tuone jambo lenyewe. Poda nyingi hutengenezwa kwa talki, jiwe laini sana linalochimbwa ardhini na kusagwa likawa unga. Talki yenyewe hunyonya unyevu, na hiyo ndiyo faida yake. Shida ni kwamba ndani ya ardhi talki hupatikana mara nyingine karibu na jiwe jingine liitwalo asbesto, na wachimbaji wasipochunguza vizuri, hayo mawili huchanganyika. Juu ya asbesto wanasayansi hawabishani: nyuzi zake zikivutwa na pumzi husababisha saratani ya mapafu na ya utando unaoyafunika, na ugonjwa huo huweza kujificha miaka 20, 30 au zaidi kabla ya kujitokeza. Mtoto apakwaye leo akiumia, atajua akiwa mzazi.

Juu ya talki yenyewe, mabishano yapo, na haki inatudai tuyaeleze yote mawili. Mwaka 2020 utafiti uliokusanya habari za wanawake zaidi ya 250,000 wa Marekani haukupata uhusiano ulio wazi kati ya kupaka poda sehemu za siri na saratani ya ovari. Lakini mwezi Julai 2024, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka talki katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila aliyepakwa poda ataugua. Asemaye hivyo anatia watu hofu bure. Tunasema kwamba shaka ipo, ni shaka ya watu wenye elimu, na mnunuzi alistahili kuambiwa.

Je, aliambiwa? Hapo ndipo kesi zilipoanzia. Mwanamke mmoja wa jimbo la South Dakota, aliyekuwa mhudumu wa afya na aliyetumia poda ya kampuni ya Johnson & Johnson kwa miaka mingi, aliugua saratani ya ovari akaishitaki kampuni hiyo. Kabla ya hukumu aliahidiwa dola 1,300,000 ili kesi iishe, kwa sharti kwamba anyamaze. Alikataa. Mwezi Oktoba 2013 baraza la raia waliosikiliza kesi lilikubali kwamba kampuni ilifanya uzembe kwa kutowaonya wanunuzi, lakini halikumpa mlalamikaji hata senti moja. Kwa hesabu ya soko, mama huyo alipoteza. Kwa hesabu ya haki, aliwafungulia wengine mlango, kwa maana fedha ile ingenunua ukimya wake, na ukimya wake ungekuwa gharama ya wanawake wasiomjua.

Wengine walifuata. Mwaka 2018 wanawake 22 walishinda kesi mjini St. Louis, na kampuni ikaamriwa kulipa dola bilioni 4.69, mahakama ya rufaa ilipunguza kiasi hicho hadi dola bilioni 2.12, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza tena kesi hiyo. Desemba 2018 shirika la habari la Reuters lilitangaza kwamba nyaraka za kampuni zenyewe zilionyesha jambo hili: tangu mwaka 1971 hadi miaka ya mwanzo ya 2000, vipimo vya talki yake na poda yake vilikuta mara kadhaa asbesto kidogo. Kampuni iliikanusha taarifa hiyo, na hadi leo inashikilia kwamba poda yake ni salama wala haina asbesto. Kesi nyingine imezishinda, nyingine hukumu zake zimebatilishwa katika rufaa. Hilo nalo tunaliandika, kwa sababu hatuwezi kudai ukweli kwa wengine huku sisi tukiupunguza.

Lakini angalieni alivyotenda mwenye nguvu. Mwezi Oktoba 2021 kampuni hiyo, iliyo miongoni mwa matajiri wakubwa wa dunia, iliunda kampuni ndogo, ikaibebesha mzigo wa kesi zote za talki, kisha ile ndogo ikatangaza kwamba imefilisika. Walalamikaji, waliokuja kuzidi 60,000, wakaambiwa wangoje. Mara tatu njia hiyo ilijaribiwa, na mara tatu mahakama ziliikataa, mara ya mwisho Machi 2025.

Tena angalieni tarehe. Mwezi Mei 2020 kampuni ilitangaza kwamba itaacha kuuza poda ya talki nchini Marekani na Kanada, ikisema kwamba wanunuzi wamepungua kwa sababu ya habari zisizo za kweli. Katika sehemu nyingine za dunia iliendelea kuiuza. Ni Agosti 2022 tu ndipo iliposema kwamba mwaka 2023 itaiacha duniani kote na kutumia wanga wa mahindi mahali pa talki. Kati ya tangazo la kwanza na mwisho wenyewe ilipita karibu miaka mitatu. Kama bidhaa ilikuwa njema, kwa nini iondolewe kwa tajiri? Na kama ilifaa kuondolewa kwa tajiri, kwa nini ibakizwe kwa maskini? Watajibu kwamba ni habari ya biashara. Nasi tunajibu kwamba biashara inayobadilika kwa yule awezaye kushitaki tu, imekwisha kuwapanga wanadamu kwa bei.

Tukishaona hayo, tupime hoja za wanaotupinga, maana tumezisikia katika vikundi vyetu.

Wa kwanza husema: watu wanauawa vijijini kwa mapanga, barabara hazipitiki, nanyi mnahangaika na poda? Ndugu, uchungu wa vijiji vya Beni ni wetu, na tumezika wengi. Lakini dharau ina mzizi mmoja. Anayeona kwamba maisha ya mtu wa hapa hayana thamani ya ulinzi, haoni tena kwamba yana thamani ya maelezo. Tukizoea kudharauliwa katika dogo, tutanyamaza pia katika kubwa.

Wa pili husema: hizo ni fununu za kututia hofu. Huyu tunamsikiliza kwa heshima, kwa sababu mji wetu unaujua uchungu wa fununu. Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 katika mashariki ya nchi yetu, na Beni, Butembo na Katwa ziliumia sana. Fununu zilifanya wagonjwa wafichwe na vituo vya matibabu vishambuliwe. Lakini fununu zilipata wapi nguvu? Zilizipata kwa watu waliozoea kutoelezwa kitu. Dawa ya fununu ni maelezo ya kweli, yatolewayo mapema, kwa lugha ambayo watu wanaielewa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Wa tatu husema: huko Marekani mawakili wanatafuta fedha tu. Wapo wa namna hiyo, hatubishi. Lakini bila mahakama, nyaraka zile zingebaki kabatini. Wala sheria si mali ya Wamarekani peke yao. Kitabu cha tatu cha sheria yetu ya kiraia, kilichowekwa tangu mwaka 1888, kinasema katika kifungu cha 258 kwamba mtu aliyemletea mwingine hasara kwa kosa lake anapaswa kuifidia. Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, iliundwa mwaka 1974 ili ubora wa bidhaa upimwe. Sheria tunayo, ofisi tunayo. Tunachokosa ni mnunuzi mwenye risiti mkononi, mwenye kichupa alichokihifadhi, na mwenye ujasiri wa kuuliza.

Sasa tutende, na tuanzie kwetu. Bidhaa za ng'ambo huingia kupitia Kasindi, hufika kwa wafanyabiashara wakubwa wa Butembo, kisha huenea hadi Beni, Lubero na vijijini. Mara nyingi maandishi yake ni ya lugha ambayo mama mnunuzi haisomi. Kampuni moja ikiacha talki, poda za majina mengine bado zipo mezani. Na nani anayeziuza? Ni sisi. Vijana wengi wa parokia zetu hupata karo na chakula kwa kuchuuza vipodozi. Wafanyabiashara wanaotuuzia jumla husali nasi katika misa ileile na hutoa kwa ukarimu wakati wa kujenga kanisa. Tunawashukuru kwa ukarimu huo. Lakini tunawaambia kwa heshima yote ya mtoto kwa mzazi: sadaka haichukui nafasi ya haki. Waulizeni wanaowauzia huko Dubai na China kama poda hiyo ni ya talki, na kama imepimwa asbesto. Mkikosa jibu, msiilete. Nanyi wakubwa wa OCC, matokeo ya vipimo yabandikwe mahali ambapo mnunuzi atayaona, kwa Kiswahili na kwa Kinande.

Nyumbani hatuna haja ya kungoja hukumu ya mahakama yoyote. Madaktari wa watoto wa Marekani huwashauri wazazi wasiwapake watoto wachanga poda, kwa kuwa vumbi lake laini huingia mapafuni na kuwasumbua kupumua. Ushauri huo unafaa hata kwa poda ya wanga wa mahindi, kwa maana nayo ni vumbi. Ngozi ya mtoto inatosheka na maji safi, kitambaa kikavu, na nepi inayobadilishwa kwa wakati. Na dada aliyezoea kujipaka poda sehemu za siri aache tu. Mwili wenye afya haudai poda.

Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake wa mwaka 2009 kuhusu upendo katika ukweli, alifundisha kwamba kununua ni tendo la kimaadili, si la kiuchumi peke yake. Tukikubali fundisho hilo, basi swali dogo tunalomwuliza mwenye duka, “hiki kimetengenezwa kwa nini?”, ni sehemu ya imani yetu. Akiuliza mmoja, atachekwa. Wakiuliza vijana wa parokia zote za jimbo letu, mwenye duka atamwuliza aliyemuuzia, naye atamwuliza wa ng'ambo, na swali litafika mahali ambapo jibu limefichwa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni bidhaa zipi tunazozipaka miilini mwetu bila kujua kilichomo ndani yake?
2. Mama wa South Dakota alikataa fedha ili asinyamaze. Sisi tunanyamazishwa na nini?
3. Kati yetu walio wachuuzi, ni nani atakayekuwa wa kwanza kumwuliza mwuzaji wa jumla, na lini ataleta jibu hapa?