Acheni Kuhesabu Fremu, Pimeni Muda

Leo nina hasira, na wa kwanza kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Majuzi niliunda mchezo mdogo wa simu: matatu inakwepa mashimo barabarani. Kwa simu yangu, ambayo skrini yake huchora fremu 120 kwa sekunde, ilienda mbio ajabu. Nikamwomba binamu yangu aujaribu kwa simu yake ya fremu 60. Akacheka. "Kaka, hii ni matatu ama mkokoteni?"

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeandika: kila fremu, sogeza gari pikseli 5. Kwangu ni pikseli 600 kwa sekunde, kwake ni 300. Yaani mwenye simu ya bei nafuu nilimpa mchezo mwingine kabisa bila kumwambia.

Ugonjwa huu ni wa zamani. IBM PC ya 1981 ilikuwa na prosesa ya megahazi 4.77, na kuna waliounda michezo wakitegemea kasi hiyo. Tarakilishi mpya zilipokuja na mbio zaidi, michezo hiyo haikuchezeka tena. Ndiyo maana mashine nyingi ziliwekwa kitufe cha "turbo". Jina lasema kuharakisha, lakini kazi yake hasa ilikuwa kuturudisha kwa mwendo wa kale!

Mafundi wa mitambo walituacha nyuma kitambo. Mwaka wa 1788 James Watt aliiwekea injini ya mvuke kidhibiti chenye mipira miwili inayozunguka. Injini ikizidi mbio, mipira hupanda na kubana njia ya mvuke. Ikilegea, hushuka na kuifungua. Hapo hakuna kubahatisha: kasi inapimwa, kisha inarekebishwa.

Sisi je? Tunasukuma kitu kwa skrini halafu tunaomba Mungu. Kusogeza si kudhibiti, jamani!

Na dawa ni mstari mmoja tu wa msimbo: pima muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, uuzidishe kwa kasi unayotaka. Ukitaka pikseli 600 kwa sekunde, simu ya fremu 60 itasogeza 10 kila fremu, ya 120 itasogeza 5. Zote zitafika pamoja.

Usiniambie eti watu wanunue simu bora. Kabla hujatoa programu yako, azima simu ya jirani. Ikikuaibisha, umestahili.